Lebo Arobaini na Moja

Chumba cha Mashine
Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu wangu Mama Seva,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Hapa unaulizwa na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka yule mama wa usafi ambaye hadi leo anajilaumu kwa maji aliyoyaacha kwenye korido siku ulipoteleza. Nimemwambia hujamkasirikia. Natumaini sikusema uongo.

Kama unavyoona, nimeshika sheria yako: mambo ya chumba cha mashine hayapiti kwenye simu wala barua pepe, yanaandikwa kwa mkono, bahasha inatiwa gundi, anakabidhiwa dereva wetu Breki. Amekubali kukupitia kila Jumanne na Ijumaa anapopeleka sampuli kwenye maabara ya huko, maana nyumba ya binti yako iko njiani. Simu yangu naiacha kwenye kikapu nje ya mlango, na mlango naufunga kwa ndani. Manesi wananicheka eti nimerithi hata ukali wako.

Wiki yangu ya tatu kwenye nafasi yako imekwenda vizuri. Mganga Mkuu amenichongeshea ufunguo wangu ili nisiwe naomba ule wa akiba kila asubuhi. Meza nimeisogeza dirishani, pale ukutani macho yalikuwa yananiuma. Kiti chako sijakikalia. Kipo pembeni na shali yako mgongoni mwake, vilevile ulivyoiacha.

Sasa shida yangu. Picha za eksirei za jengo la zamani, elfu sita na ushee, nimezihamisha kutoka diski yao mbovu na kuziweka kwenye seva yetu. Zipo zote. Lakini daktari wa watoto akijaribu kuifungua hata moja, anaambiwa amekataliwa. Nimekagua ruhusa mara tatu: mwenye faili ni sahihi, kundi ni sahihi, kusoma wanaruhusiwa. Bado wanakataliwa. Umewahi kukutana na hili?

Wanangu mapacha wanakusalimu. Wanajua wewe ndiye uliyemfundisha baba yao kazi, miaka saba iliyopita, kwenye lile darasa la jioni lenye viti vibovu.

Wako,
Kalamu
(bado naibeba sikioni)


Nyumbani kwa binti yangu
Jumanne, 11 Machi

Mwenzangu Mama Vidonge,

Nakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia binti yangu ataniambia nipumzike, na mimi nikisikia tena neno pumzika nitamrushia mtu gongo.

Kalamu ameniandikia. Barua tamu, shikamoo juu, mapacha chini. Katikati ananiambia amechongewa ufunguo. Mimi ule ufunguo niliusubiri miaka minne! Miaka minne nikimfuata Mganga Mkuu aliyekuwepo kabla ya huyu, naambiwa ngoja, ngoja. Yeye wiki ya tatu tu. Na meza yangu ameihamisha. Ningekuwa na miguu miwili mizima ningekuja leo hii kuirudisha ukutani, hata kama kweli pale macho yanauma. Yanauma, najua, yameniuma miaka kumi na miwili.

Wivu unanitafuna, mwenzangu, nakwambia bila haya. Angekuwa jeuri ningemchukia kwa raha zangu. Lakini mtu anakuambia kiti chako hajakikalia, utamchukia vipi? Inabidi ujitahidi.

Ananiuliza kwa nini picha za watoto hazifunguki. Nilijua jibu kabla sijageuza ukurasa. Wewe wa dawa utanielewa upesi: una chupa, ndani kuna dawa sahihi kabisa, lakini lebo iliyobandikwa ni ya dawa nyingine. Utaitoa dirishani? Huitoi. Seva yetu iko hivyohivyo. Kila faili ina ruhusa za kawaida, na juu ya hizo ina lebo inayosema hiki ni kitu cha aina gani. Programu ya kuonyesha picha inasoma vyenye lebo ya picha za wodi, basi. Kalamu amezihamisha zile faili badala ya kuzinakili, kwa hiyo zimekuja na lebo za kule zilikotoka. Ni kosa la kila fundi mzuri. Mimi nililifanya, nikahangaika nalo siku tisa.

Basi na yeye ahangaike siku tisa. Nimemjibu. Sijamwambia.

Nakusalimu,
Mama Seva


Nyumbani kwa binti yangu
Jumanne, 11 Machi

Kalamu,

Marahaba. Nyonga inaendelea. Kuhusu picha, kagua ruhusa tena, safari hii folda moja moja. Usiwe na haraka.

Mama Seva


Dirisha la Dawa
Ijumaa, 14 Machi

Mama Seva wewe,

Barua yako nimeisoma nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi, nikacheka mpaka mgonjwa akagonga kioo. Wivu wa mke mwenza huo! Na bwana mwenyewe ni seva.

Umeniomba habari? Hukuniomba, lakini nakupa. Huyo Kalamu wako anapendwa. Akiingia wodini anaketi na manesi, anawauliza nini kinawachelewesha, anaandika. Wewe ulikuwa unatuambia andikeni maombi muyapitishe chini ya mlango. Sikulaumu, nasema tu. Juzi kwenye kikao Mganga Mkuu alisema, mbele ya watu wote, "Hatimaye tuna mtu anayetueleza hizi mashine kwa lugha tunayoielewa." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika kikombe. Basi nilipiga kidogo.

Lakini pia nimemwona siku ya tatu hii anatoka mle chumbani macho mekundu. Anakagua folda moja moja. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mama ameniagiza, na Mama hakosei." Nikanyamaza. Sikupenda vile nilivyonyamaza, mwenzangu. Mwambie tu, yaishe.

Kula vizuri, uache kurusha magongo.

Mama Vidonge


Chumba cha Mashine
Jumanne, 18 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeliona! Nilikagua folda moja moja kama ulivyoagiza, na ni kule kukagua taratibu kulikonifanya nitazame mpaka safu ya lebo, ambayo huwa siitazami. Zilikuwa lebo za diski ya zamani. Nikaendesha amri ya restorecon kwenye ile folda moja, ikasoma sera yetu, ile orodha ya folda na lebo zake, ikarudisha kila faili lebo inayostahili, na dakika ileile daktari wa watoto akanipigia makofi kupitia ukuta. Asante. Najua ungeweza kuniambia kwa mstari mmoja, ukaona afadhali nijifunze.

Sasa nataka kuiendesha kwenye picha zote za hospitali, kuanzia folda ya juu hadi ya mwisho, maana lazima kuna nyingine zilizokaa vibaya. Nimepanga Jumapili asubuhi, tarehe 23, wakati kliniki zimefungwa. Lakini amri hii, kama unavyojua kuliko mimi, inafuata kilichoandikwa kwenye sera peke yake. Lebo yoyote ambayo mtu aliibandika kwa mkono bila kuiandika kwenye sera, itaifuta bila kuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Mama, kwa sababu seva hii umeijenga wewe: je, kuna lebo yoyote uliyoibandika kwa mkono? Ukiniambia ipo, nitasubiri hata mwezi, mpaka uniambie ni zipi na kwa nini.

Jambo jingine. Mganga Mkuu ameniuliza kama ningependa kubaki hata ukirudi. Nimemwambia swali hilo aulizwe mwenye chumba. Amesema atakuandikia.

Wako,
Kalamu


Nyumbani kwa binti yangu
Ijumaa, 21 Machi

Kalamu,

Hakuna lebo ya mkono. Endesha.

Mama Seva


Nyumbani kwa binti yangu
Jumapili, 23 Machi, saa nne na nusu asubuhi

Kalamu,

Barua hii haitakuwahi. Breki haji mpaka keshokutwa, na wewe uko kwenye amri hivi sasa. Ninaiandika kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Nimekudanganya. Zipo. Ziko arobaini, kama sijasahau hesabu. Folda ya chumba cha upasuaji. Folda ya watoto njiti. Ya benki ya damu, ile yenye jina la kipuuzi. Nilizibandika moja moja kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, kila daktari alipolalamika, na sikuandika hata moja kwenye sera. Ukiendesha, zote zinarudi kuwa faili za kawaida, na kesho saa mbili daktari wa upasuaji atafungua picha ya mgonjwa aliyelala mezani na ataambiwa amekataliwa.

Nilipopata barua yako ya Jumanne nilisoma mistari miwili tu. Uliposema umelipata jibu mwenyewe, na uliposema Mganga Mkuu anataka ubaki. Swali lako lililokuwa katikati sikulijali. Nikasema, basi na aendeshe, hospitali nzima ijue nani alikuwa anaibeba. Siku zote hizi nilikuwa na furaha mbaya, binti yangu akidhani dawa za maumivu zimenikubali.

Leo asubuhi mjukuu wangu ameitoa picha kwenye bahasha kubwa iliyo kabatini, akaielekeza dirishani akaniuliza, "Bibi, huu ndio mfupa wako?" Ni nakala ya picha ya nyonga yangu. Pembeni imeandikwa jina la folda. Ni folda ya upasuaji. Daktari aliyenipasua aliisoma picha hiyo mimi nikiwa nimelala pale, kwa lebo ileile ambayo nimekuambia haipo.

Nimekupigia mara kumi na moja. Simu yako iko kwenye kikapu. Nimepiga mapokezi, wameniambia mlango umefungwa kwa ndani na Mama Seva aliagiza kwamba mtu asigonge kazi ikiendelea. Nikamwambia dada wa mapokezi, "Mimi ndiye Mama Seva!" Akanijibu, "Basi Mama unajua mwenyewe." Nimempata Mama Vidonge nyumbani kwake, ameanza kukimbia.

Nisamehe ukiweza. Kama huwezi, mwambie Mganga Mkuu ni mimi, nami nitakiri.

Mama Seva


Dirisha la Dawa
Jumatatu, 24 Machi

Mama Seva,

Kwenye simu jana nilikuwa nahema, sikukueleza kitu zaidi ya kwamba nimefika. Najua umekaa siku nzima na roho mkononi. Kwa kweli nilitaka ukae nayo kidogo.

Nilikimbia kutoka nyumbani na ndala mguu mmoja, nyingine ilibaki kwenye mtaro. Nikagonga ule mlango wako kwa ngumi mbili, huku dada wa mapokezi ananivuta nyuma, eti sheria. Kalamu akafungua. Ametulia, kalamu sikioni, kikombe mkononi. Nikamwambia, "Mama Seva anasema usiendeshe!" Akanitazama kidogo. Akasema, "Nimeshaendesha, mama. Imemaliza saa tatu."

Nilikaa chini, hapohapo sakafuni. Akanisaidia kuinuka, akaniingiza ndani, akanifungulia picha kutoka folda ya upasuaji. Ikafunguka. Akafungua ya watoto njiti. Ikafunguka. Na leo asubuhi upasuaji umeanza saa mbili kamili, hakuna aliyekataliwa, hakuna anayejua kitu.

Nikamuuliza, imekuwaje? Akanipa bahasha, akasema ameiandika Jumamosi na alikuwa anangoja gari la kesho, ila ni vizuri nikuletee pamoja na yangu. Ipo humu. Sijaifungua. Lakini uso wake niliuona, mwenzangu, haukuwa uso wa mtu aliyeshinda.

Mimi nimekucheka kwa wivu wako na ningekucheka mpaka uzeeni. Ila hili si la kuchekesha. Sikujua kwamba ulikuwa umefika huko, na barua zako zote nilizisoma nikicheka. Hilo nalo linanisumbua.

Usinitume tena kuzima moto ulioukoka mwenyewe.

Mama Vidonge


Chumba cha Mashine
Jumamosi, 22 Machi

Mama,

Shikamoo.

Majibu yako yamefika jana na Breki. Nimeyasoma, nikayaweka chini, nikayachukua tena kuona kama nyuma ya karatasi kuna maneno mengine.

Nataka ujue kwamba sikukutega. Darasani ulituimbisha wiki ya kwanza: kabla hujagusa, uiambie kwanza itaje. Unaandika restorecon -Rnv. R iingie folda zote, n isiguse kitu, v iseme kila inachokiona. Ulisema atakayesahau ile n hana kazi na wewe. Sijawahi kuisahau. Nilifanya hivyo Jumatatu, siku moja kabla sijakuandikia. Ikanitajia lebo arobaini na moja ambazo ingezifuta, na kila moja ina mkono wako. Mtu akiusoma miaka saba anaujua hata kwenye mashine.

Kwa hiyo nilipokuuliza, nilikuwa nimeshaziona. Nilidhani utanijibu, "Zipo, keti nikuhadithie." Nilikuwa natamani hadithi hizo kuliko zile lebo zenyewe. Nilishanunua daftari.

Umenijibu hakuna.

Nimekaa nikikutafutia sababu. Nikasema labda maumivu, labda amesahau. Lakini wewe hata jina la mtoto wa mlinzi hulisahau. Halafu nikakumbuka barua zangu zote, ufunguo, meza, makofi. Mimi nilikuwa nakuandikia habari njema za mwanao kazini. Sikufikiria zingeumiza. Kwa hilo uniwie radhi.

Lakini Mama, ungenikasirikia mimi. Nina ngozi ngumu. Mtu aliyelala kwenye meza ya upasuaji amekukosea nini? Hilo limeniuma, na bado linaniuma ninapoandika.

Leo nimeziandika zote kwenye sera, moja moja. Nimezunguka wodini kuuliza wazee wa kazi kila folda ilianzaje, na sababu nimeziandika kwenye daftari, jina lako pembeni, kwa sababu ni kazi yako na ni kazi nzuri sana. Kesho nitaendesha. Hakitaharibika kitu. Sijamwambia mtu na sitamwambia.

Nimepata nafasi ya kufundisha kwenye chuo cha ufundi. Walikuwa wananiita tangu mwaka jana, nikawa nakataa. Nimewajibu leo. Nitakaa hapa mpaka Ijumaa ya kabla hujarudi, kisha ufunguo nitauacha kwa Mganga Mkuu. Sitaki ufikirie ni hasira. Ni kwamba mtu akifanya kazi kwenye chumba hiki, lazima akiuliza swali aweze kuliamini jibu.

Ugua pole.

Kalamu


Nyumbani kwa binti yangu
Jumanne, 1 Aprili

Kalamu,

Nimekuandikia mara tatu tangu nipate barua yako, na Breki anasema zote amekukabidhi mkononi, unazitia mfukoni unasema ahsante. Hii ni ya nne. Sikuombi unijibu. Nakuomba usiende. Nimemwandikia Mganga Mkuu kwamba ninakubali viti viwili, na kwamba cha dirishani kiwe chako.

Mama Seva


Chumba cha Mashine
Jumatano, 16 Aprili

Mwalimu Kalamu, Chuo cha Ufundi,

Nimerudi juzi, na gongo moja. Mama wa usafi alinipokea getini akilia, akanishika mkono mpaka mlangoni, na korido nzima ilikuwa kavu kama karatasi.

Nilijua hutakuwepo, ila nilitia simu kikapuni taratibu, nikasikiliza kwanza mlangoni kama mjinga. Meza umeiacha dirishani. Kiti changu umekirudisha nyuma ya meza, shali mgongoni. Nilikaa. Ni kweli, pale mtu haumii macho. Nimekaa chumbani mwangu peke yangu, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo wangu mfukoni na wako, niliopewa ofisini kwa Mganga Mkuu, mezani, kama nilivyokuwa nikiomba mwezi mzima. Saa nzima hakuna aliyenihitaji. Kila kitu kinakwenda.

Kisha Mganga Mkuu akagonga. Kagonga, hebu fikiria, na akaingia na lile daftari lako kifuani. "Mama," akasema, "makabidhiano mazuri kama haya sijaona. Kila lebo na sababu yake. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unatufanyia haya yote na hatukujua." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ndilo nililokuwa nalitaka kusikia miaka kumi na miwili, Kalamu. Na sikuweza kulimeza.

Nimemwambia ukweli, palepale, kabla hajauachia mkono wangu. Kwamba uliniuliza na nikasema hakuna. Aliketi, pa kuketi hapakuwa, akaketi juu ya kasha la diski ya zamani. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Na asubuhi baada ya ile amri nilikuwa na wagonjwa wangapi mezani?" Nikamwambia wanne. Ameniacha kazini mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti kwamba nimfundishe mtu na kwamba mlango usifungwe tena kwa ndani. Nimekubali yote. Sasa hivi umefunguliwa, na nesi mmoja amesimama hapo anataka kuniuliza jambo. Nimemwomba dakika tano.

Daftari nimelisoma lote, mstari kwa mstari. Namba tisa: "Watoto njiti. Mama Seva aliibandika usiku wa mafuriko, nesi mkuu anakumbuka alikuja na viatu mkononi." Namba kumi na mbili: "Upasuaji. Ili picha ifunguke hata mtandao wa wodi ukikatika." Nilikuwa nimesahau vile viatu. Ni wewe uliyevikumbusha. Unaweza kumwonea mtu wivu kisha ukakuta ndiye aliyekuwa anakutunzia mambo yako, na wewe unamtazama mikono tu kama anaiba.

Nikafika namba arobaini na moja. Mimi nilidhani ziko arobaini. Na pale, kwa mwandiko wako, tarehe 22 Machi, yaani siku ya pili tangu nikudanganye, umeandika:

"Sababu sijui, na wodini hakuna anayejua. Muulize Mama Seva, atakuambia ukweli."

Nilifunga daftari, nikalifungua tena. Nililia, siwezi kukuficha, na kwa mara ya kwanza tangu nivunjike si kwa ajili ya mfupa.

Basi nimeulizwa. Ile folda niliibandika siku yangu ya kwanza kazini. Haina kazi yoyote. Nilikosea herufi mbili nilipoandika njia ya folda, lebo ikaenda kwenye folda tupu, na kulikuwa na wazee wawili wa kazi chumbani ambao ningeweza kuwauliza jinsi ya kuitoa. Niliona haya. Niliogopa wataniona sijui, watanikalia kiti. Nikaiacha, nikaizunguka miaka kumi na miwili, hata nikaacha kuihesabu. Hiyo ndiyo sababu yake yote.

Bado nina wivu, nikuambie na hili. Nikifikiria wanafunzi wa huko watakaokuita mwalimu, kuna kitu kinanichoma hapa. Lakini sasa nakisema, naona kinapungua kidogo.

Sijaifuta. Chini ya maneno yako nimeandika sababu kama nilivyokueleza, na jina langu, na tarehe ya leo. Ukipita huku siku yoyote, mlango hauna komeo. Njoo uendeshe ile amri wewe mwenyewe, kwanza na n yako, ikutajie hiyo moja peke yake, kisha uifute mbele yangu.

Mwanafunzi wako,
Mama Seva